Saa 214 na Leseni Mpya: Je, Nikope Nisomee Boeing?

Swali: «Shikamoo Kapteni. Nina miaka 26, naishi Tabata. Nilisomea urubani Afrika Kusini na nilirudi mwaka jana nikiwa na leseni ya urubani wa biashara, kibali cha injini mbili na kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani kwa kutegemea vipimo vya ndege hata nisipoona nje, na vyote nimeshavibadilisha kuwa vya Tanzania. Logibuku yangu, daftari la saa nilizoruka, ina saa 214. Baba aliuza kiwanja cha Kibaha ili nisome. Nimetuma barua pepe kwa kila kampuni ninayoijua. Moja ilijibu kwamba inataka saa 500, nyingine ikanipa nafasi ya kukaa ofisini nikipanga safari na kupima mizigo, zilizobaki zimenyamaza. Kuna wakala anasema nikikopa fedha nikasomee Boeing 737 nitaajiriwa haraka, na kwamba anaweza pia kuniuzia saa 300 za kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, nje ya nchi. Rafiki yangu anasema niongeze saa kwenye logibuku, eti kila mtu hufanya hivyo. Mtandaoni nimesoma kwamba bila saa 1,500 hakuna shirika litakalonichukua. Sijaruka kwa miezi minane na kibali changu cha vyombo kinaisha mwezi ujao. Nikope, nikae ofisini, au nitafute kazi nyingine?»

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Nikikuelewa vizuri, shida yako ni hii: sheria inakuruhusu kulipwa kwa kurusha ndege, lakini waajiri wanakuambia saa zako hazitoshi, na saa hizo hazipatikani bila kazi. Juu ya hayo kuna kile kiwanja cha Kibaha, ambacho nadhani unakiona kila ukimtazama baba yako usoni. Mtu wa namna hiyo, mwenye haraka na mwenye haya, ndiye hasa anayewindwa na mawakala. Kwa hiyo nalitanguliza jibu fupi: usikope kwa ajili ya Boeing 737, usiguse logibuku, na ile kazi ya ofisini usiidharau, ila uipokee kwa masharti nitakayoyataja. Kabla ya yote hayo rudi angani, hata kwa saa mbili tatu.

Nianze na hizo saa 1,500, maana zimewakatisha tamaa vijana wengi bila sababu. Kiwango hicho ni cha leseni ya juu kabisa ya urubani, ambayo kapteni wa ndege kubwa ya abiria lazima awe nayo. Hicho unachokisoma mtandaoni ni kanuni ya Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 2013, inayomtaka hata rubani msaidizi wa shirika la abiria awe na leseni hiyo, pamoja na nafuu fulani kwa waliotoka jeshini na vyuoni. Ilitokana na ajali ya Colgan Air 3407 karibu na Buffalo, Februari 2009, ambayo, kwa taarifa yako, marubani wake wote wawili walikuwa wameshavuka saa 1,500. Kanuni hiyo haituhusu. Kwetu, mwenye leseni ya biashara, kibali cha vyombo na kibali cha aina ya ndege husika anaweza kukaa kiti cha kulia cha ATR, ndege ya abiria ya pangaboi, akiwa na saa kama zako, kwa sababu kushoto kwake kuna kapteni anayebeba dhamana. Vilevile usihangaike na ushauri wa Kimarekani wa kuvuta mabango ya matangazo, kupandisha waruka kwa miavuli au kukagua mabomba ya mafuta kutoka angani. Kazi hizo ndizo zinazowalea marubani wachanga wa kwao, lakini hapa ni chache mno au hazipo kabisa.

Basi kama si sheria, nani anakukataa? Kampuni nyingi za ndege ndogo zinazoruka kutoka jengo la kwanza la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere zinategemea Cessna 208 Caravan, ndege ya injini moja ya turbini inayoruhusiwa kurushwa na rubani mmoja. Siku utakapokabidhiwa ndege hiyo, pembeni yako hatakuwapo wa kukusahihisha. Kampuni ya bima inalijua hilo. Mkataba wa bima ya ndege huwa na kifungu kinachoeleza ni rubani wa aina gani anayekubalika: awe na saa ngapi kwa jumla, ngapi akiwa rubani mkuu wa ndege, yaani mwenye amri na dhamana ya safari, ngapi za turbini, ngapi za aina ile ile ya ndege. Asiyetimiza kifungu hicho akipata ajali, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na Caravan moja mpya ni mabilioni ya shilingi. Ndiyo maana zile saa 500 ulizotajiwa mara nyingi hazikutungwa na mkuu wa marubani aliyekujibu. Amezikuta kwenye bima, au kwenye mkataba wa wakala wa utalii wa Ulaya anayetaka wageni wake warushwe na mtu mwenye uzoefu fulani. Kumbembeleza apunguze ni kumwomba kitu asichokuwa nacho mkononi.

Sababu ya pili haisemwi sana kwa sababu inasikika kama ubahili, nayo ni kwamba kile kiti cha kulia unachokitamani kinauzwa. Ukipanda Caravan kwenda Zanzibar utamwona mtalii ameketi kando ya rubani, simu mkononi, akipiga picha za matumbawe tangu pwani hadi pwani. Huyo amelipa nauli. Kukuweka wewe pale ni kuipoteza nauli hiyo kila safari, pamoja na kilo zako 70 au 80 ambazo lazima zipunguzwe kwenye mizigo. Isitoshe safari yenyewe ni ya dakika 20 hivi, kwa hiyo unaweza kutua mara nyingi kwa siku huku logibuku ikiongezeka kidogo tu. Mwajiri anayekuchukua na saa 214 anaingia gharama ya miezi mingi kabla hujaanza kumrudishia, na anachojiuliza ni kama utakuwapo bado wakati huo, au utakuwa umeshakimbilia shirika kubwa.

Ya tatu ni viwanja vyenyewe. Umejifunzia kwenye lami, ukiwa na mwalimu. Sasa fikiria Seronera, ndani ya Serengeti, iliyo zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28 hewa ya pale huwa nyepesi kiasi kwamba ndege inafanya kazi kana kwamba iko karibu futi 8,000: mabawa yanapata hewa pungufu, injini inapungua nguvu, na mwendo wako halisi juu ya ardhi unakuwa mkubwa kuliko sindano ya kasi inavyokuonyesha. Macho yanakudanganya kwamba umekuja kasi mno, unavuta usukani mapema, unajikuta katika hatari usiyoitarajia. Kisha kuna swala na nyumbu. Rubani wa porini hupita kwanza chini chini juu ya njia ya kutulia kuwafukuza, anazunguka, anaitazama tena njia, na kama wamerudi anaacha kutua na kuanza upya, hata kama abiria wanaangalia saa zao kwa sababu wana ndege ya kuunganisha Dar es Salaam. Mkuu wa marubani anayekuhoji hatafuti namba peke yake. Anatafuta dalili kwamba mbele ya mteja mkali utathubutu kusema leo haturuki. Dalili hiyo haionekani kwenye barua pepe, na nitarudi kwenye jambo hili.

Kwanza tuelewane kuhusu thamani ya saa, kwa sababu hapa ndipo vijana wanapopunjwa. Kiambatisho cha Kwanza cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambacho nchi wanachama huzifuata kanuni zake za leseni, hakihesabu saa zote sawa. Kati ya zile 1,500 kuna kiasi maalumu kinachotakiwa uwe umekiruka wewe mwenyewe kama rubani mkuu wa ndege: 250, au 70 ukijazia zilizobaki kwa saa za urubani mkuu chini ya usimamizi wa kapteni. Kuna 100 za usiku na 75 za vyombo. Na kuna sharti ambalo wakala wako hatakuambia: ukiruka kama rubani msaidizi kwenye ndege iliyotengenezwa kwa rubani mmoja, lakini mamlaka ya anga ya nchi inataka iwe na wawili, saa zako zinahesabiwa nusu tu kuelekea leseni ya juu, isipokuwa mamlaka ikubali zote kwa sababu ndege ina vifaa vya rubani wa pili na inaendeshwa kweli kwa utaratibu wa watu wawili. Kama hakuna anayemtaka rubani wa pili, yaani si ndege, si kanuni, wala si mwongozo wa uendeshaji wa kampuni, basi wewe ni abiria mwenye sare. Kwa hiyo mtu akikuahidi kiti cha kulia, mwulize: mwongozo wenu ulioidhinishwa unamtambua rubani msaidizi kwenye ndege hii? Mamlaka inazihesabu vipi saa zake? Nani atatia saini?

Kwa mtazamo wangu njia yenye faida zaidi kwa mtu wa saa 214 ni ualimu wa urubani. Saa unayomfundisha mwanafunzi inaandikwa kwako kama saa ya rubani mkuu, ingawa mikono iliyoshika usukani ni yake, na hizo ndizo saa bima inazoziheshimu. Zaidi ya hapo, hakuna kinachomnyoosha rubani kama kumweleza mtu mwingine kwa nini ndege imekwama kupanda. Lakini sitakudanganya kuhusu ugumu wake. Shule za urubani nchini ni chache na nafasi zake ni chache zaidi, kwa hiyo huenda ukalazimika kutazama Uwanja wa Wilson, Nairobi, au kurudi ulikosomea, na kote huko utakutana na suala la kibali cha kazi na kutambuliwa kwa leseni. Saa zenyewe zitakuwa za injini za pistoni. Na kama huna subira na watu, tafadhali usiende, kwa sababu atakayeumia ni mwanafunzi. Kabla ya kulipa ada ya kozi hiyo, zipigie simu shule tatu au nne uulize wazi kama zinaajiri walimu wao wapya. Ikiwa nyumbani kumebaki fedha za jambo moja tu, ningeziweka hapa.

Kuhusu Boeing 737, angalia biashara yenyewe inavyokwenda. Kibali cha aina ya ndege ni ushahidi kwamba siku fulani ulifaulu mtihani kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza kurusha ndege. Rubani wa shirika hupimwa ustadi wake mara mbili kila mwaka, na kibali kisichotumika huchakaa haraka. Shirika linaloajiri mtu aliyejilipia kibali hutaka pia saa alizoruka kwenye ndege hiyo baada ya mtihani, nawe hutakuwa nazo. Hapa nchini Air Tanzania ina Boeing 737 MAX chache tu, na Precision Air wanatumia ATR. Utaratibu wa kawaida ni shirika kukuchagua kwanza, kisha likakupeleka mafunzoni na kukufunga kwa mkataba. Ukijilipia kabla ya kuchaguliwa umekisia ndege ambayo mwajiri wa kesho atakuwa nayo, kwa mkopo wa makumi ya mamilioni, bila mshahara wa kuulipa. Ningekubali wazo hilo kwa sharti moja tu, kwamba barua ya ajira iwe imeshatoka kwa shirika lenyewe, nawe umeithibitisha kwa kwenda ofisini kwao, si kwa simu uliyopewa na wakala.

Zile saa 300 za kununua ni balaa la aina yake. Abiria wamelipa nauli, na wewe umelipa kuwapeleka. Kampuni inayoishi kwa kuuza kiti cha rubani msaidizi haina sababu ya kukuajiri saa zako zikiisha, kwa kuwa mnunuzi mwingine anasubiri. Na kama nchi yenyewe haina usimamizi madhubuti, unaweza kurudi na karatasi ambayo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, haitazikubali saa zake.

Rafiki yako anayekushauri uandike saa za kalamu hajui kwamba kila ndege ina kumbukumbu zake: tarehe, muda wa injini, jina la aliyeirusha. Mkaguzi akilinganisha vitabu viwili umekwisha, na leseni iliyomgharimu baba yako kiwanja inaweza kufutwa. Hata asipolinganisha mtu yeyote, simuleta itakuumbua ndani ya dakika 10. Tuliache hilo.

Sasa ofisi. Wapo watakaokuambia kwamba rubani aliyekaa mezani hageuki tena kuwa rubani, na ni kweli inatokea. Anakuwa hodari wa kupanga safari kiasi kwamba hakuna anayetaka kumpoteza. Lakini pia sioni mahali pengine ambapo mkuu wa marubani atakuona kila siku, akajua unafika saa kumi na moja alfajiri bila kusukumwa, akakuona unakataa kupitisha uzito uliozidi hata mteja anapofoka. Ile dalili niliyoisema hapo juu inaonekana kwenye mizani ya mizigo kabla ya kuonekana angani. Kwa hiyo ikubali, ukiomba mambo haya yaandikwe: kwamba baada ya muda uliotajwa, tuseme mwaka mmoja wenye msimu mzima wa utalii ndani yake, utafikiriwa kwa mafunzo ya rubani, na kwamba utaruhusiwa kupanda safari zisizo na abiria pale uzito unaporuhusu, kwa kutazama tu, bila kuandika chochote kwenye logibuku. Wakikataa kuandika lolote, fanya kazi kwa mshahara na kwa kujifunza, huku ukiendelea kutafuta kwingine bila kujiona msaliti. Mshahara huo ndio utakaokulipia saa za kuruka.

Na saa hizo unazihitaji sasa. Kubeba abiria kama rubani mkuu kunataka uwe umeruka na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita, nawe una miezi minane. Kibali cha vyombo kikiisha, kukirudisha huwa kazi na gharama kubwa kuliko kukihuisha kikiwa hai, kwa hiyo mwezi huu fedha yoyote iende huko kabla ya kwenda popote. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kwa umri wako ni cha miezi 12. Kama kiwango chako cha Kiingereza cha urubani ni cha nne, angalia tarehe, maana hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu. Kampuni inayokwama ghafla kwa kukosa mtu haina muda wa kumsubiri anayefuatilia karatasi. Inampigia yule ambaye zake zote ziko hai.

Barua pepe ziache. Andaa ukurasa mmoja: saa zako zikiwa zimegawanywa kwa urubani mkuu, injini mbili, vyombo na usiku, tarehe ya mara ya mwisho kuruka, na tarehe za kuisha kwa vibali. Nenda mwenyewe jengo la kwanza, si alfajiri wakati kila mtu anahangaika na safari za mwanzo, bali saa nne hivi ndege zikiwa zimeshaondoka, uombe kuonana na mkuu wa marubani kwa dakika tano. Ukikuta hayupo, acha karatasi na urudi wiki nyingine. Nenda na Arusha pia. Wakati mzuri ni kabla ya masika na wakati wa masika, kwa sababu Aprili na Mei wageni hupungua, kambi kadhaa hufungwa, na kampuni hupata nafasi ya kufundisha watu kabla ya msimu wa Juni. Utasikia habari za Maun, Botswana, ambako vijana wenye saa 200 na kitu wamekuwa wakienda kwa miaka mingi kubisha hodi mlango kwa mlango. Ni kweli, ila wenyeji hutangulizwa na kibali cha kazi si cha kubahatisha, kwa hiyo usiende na fedha za mwisho.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Chukua logibuku uende ofisi za TCAA, Banana, Ukonga, uulize idara ya leseni ni saa zipi zinahesabiwa na kibali chako kinahuishwaje hapa. Swali hilo lijibiwe na wao, si na mimi wala rafiki yako. Ruka saa moja na mwalimu asiyekufahamu na umwombe akuambie ukweli kuhusu kiwango chako. Ikiwa usingizi umekuwa haba na mawazo yamekuzidi, na kwa hali uliyoieleza sitashangaa, zungumza na daktari wa marubani mapema kabla ya siku ya kupimwa, na baba yako mwambie hali ilivyo. Na mkataba wowote wenye deni la mafunzo usiutie saini kabla wakili hajausoma, hasa kifungu kinachoeleza utadaiwa nini iwapo kampuni ndiyo itakayokuachisha kazi.